Stesheni ya Mbeya na Abiria Waliohamia Barabarani

Ukitaka kuelewa yaliyoipata stesheni ya abiria ya Mbeya, usianzie Mbeya. Shuka Makambako. Hapo ndipo TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia ambayo wengi huiita Reli ya Uhuru, na barabara kuu ya kwenda Zambia zinapokutana baada ya kila moja kushika njia yake tangu pwani. Barabara imepita Morogoro na Mikumi, imepanda Kitonga, imeigusa Iringa na Mafinga. Reli imekata pori la Selous, ambalo sehemu yake sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ikalifuata bonde la Kilombero hadi Mlimba, kisha ikaupanda ukingo wa milima kwa mahandaki na madaraja. Kuanzia Makambako kwenda Rujewa, Igurusi, Mbeya na Tunduma zinakwenda jirani, na kuna mahali abiria wa basi anaweza kuhesabu mabehewa ya treni akiwa kwenye kiti chake.

Mashariki ya Makambako yuko abiria ambaye kwa miaka mingi hakuwa na usafiri mwingine wa kutegemea. Magharibi yake yuko abiria mwenye basi la asubuhi, basi la usiku, Noah na lori la kuomba lifti. Watu hawa wawili wamehudumiwa na reli moja kwa karibu miaka hamsini, na mara nyingi wamewekwa kwenye hesabu moja. Naandika kisa hiki kwa sababu naamini hesabu hiyo imetupotosha, hasa sisi wa Mbeya, ambao tukiutazama ukumbi wa stesheni yetu ulivyo mtupu tunasema treni ya abiria imekwisha.

Jengo lenyewe liko kilomita kama 4 magharibi ya kitovu cha mji, kando ya barabara ya Tunduma, upande wa Iyunga. Ni kubwa, dari iko juu, na ukumbi wa kusubiria ulijengwa na watu waliotarajia umati. Halijavunjwa wala kugeuzwa ghala. Lakini ukiingia siku isiyo na treni, unasikia viatu vyako mwenyewe.

Mbeya ilikuwa na huduma ya reli kabla ya kuwa na reli. Jambo hili wengi hawalijui. Mji ulikua miaka ya 1920 na 1930 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa, kule Chunya, na mtu aliyetaka kufika pwani alilazimika kwanza kuifuata Reli ya Kati, mamia ya kilomita kaskazini. Shirika la reli la wakati huo likaweka mabasi na malori yake barabarani: njia moja ilitoka Itigi ikapita Chunya, nyingine ilitoka Dodoma ikapita Iringa. Mbeya Hotel, iliyopo mpaka leo katikati ya mji, ilikuwa hoteli ya shirika la reli la Afrika Mashariki. Kwa hiyo safari ya kwanza ya reli kwa mtu wa Mbeya ilianzia ndani ya basi, na ilielekea kaskazini. Ukikaa ukafikiri, utaona kwamba shirika lilikuwa limemfuata abiria mahali alipo. Lilikuwa mjini, karibu na maduka na ofisi.

Reli halisi ilizungumzwa mara kadhaa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mhandisi Clement Gillman aliongoza upimaji wa njia ya kufungua kusini magharibi mwa Tanganyika, kutoka Reli ya Kati kuelekea mpaka wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Mwaka 1952 ikatolewa ripoti nyingine ya kuunganisha reli za Afrika Mashariki na za Afrika ya Kati. Mwaka 1964 Benki ya Dunia nayo ilitazama suala hilo na haikuona faida. Hoja ilikuwa ileile kila mara: mzigo hautoshi. Watu wa nyanda za juu kusini walipimwa kwa tani, wakaonekana wepesi.

Kilichobadilisha mambo kilitokea mbali na Mbeya. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikajikuta shaba yake na mafuta yake vinapita mikononi mwa serikali isiyoweza kuiamini. Mwalimu Nyerere alikuwa amekwenda China Februari mwaka huohuo, na suala la reli lilizungumzwa huko. Tarehe 5 Septemba 1967 Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano jijini Beijing. Mkopo ulikuwa wa yuan milioni 988, hauna riba, wa kulipwa kwa miaka 30. Oktoba 1970 Nyerere na Kaunda waliweka jiwe la msingi Dar es Salaam. Reli hii ilijengwa ili Zambia iweze kupumua, na kwa hilo nitaiheshimu maisha yangu yote. Lakini tukubali pia lililo wazi: abiria wa Mbeya hakuwa sababu ya reli hii. Alipata nafasi kwa kuwa alikuwa njiani.

Ujenzi wake unastahili kusimuliwa polepole, maana ndani yake ndimo linamolala jibu la kwa nini ukumbi wetu ni mtupu. Kilomita 502 kutoka Dar es Salaam hadi Mlimba zilikamilika Novemba 1971, kama mwaka mmoja tu baada ya kuanza. Baada ya hapo kulikuwa na kilomita zipatazo 158 kutoka Mlimba hadi Makambako, na hapo kasi ikaisha. Udongo wa ukingo ule ni laini, mvua ni nyingi, mabonde yamekatika ghafla. Palihitajika mahandaki 18 na madaraja 46. Daraja la mto Mpanga limesimama juu ya nguzo tatu zenye urefu wa karibu mita 50. Mafundi wa Kichina na vijana wa Kitanzania walilala kwenye mahema na vibanda, wakachimba mlima mvua ikinyesha, na wengine hawakurudi kwao. Katika ujenzi wote wa reli Wachina zaidi ya 60 walipoteza maisha, na wengi wao wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Waafrika waliokufa kwenye kazi hiyo ni wengi zaidi. Nasikitika kwamba katika miji yetu ya huku juu, inayokula matunda ya kazi yao, ni nadra kusikia majina yao yakitajwa.

Baada ya Makambako kazi ikawa nyepesi tena. Reli ilivuka tambarare ya Usangu, ikapanda hadi Uyole, mita 1,789 juu ya usawa wa bahari, mahali pa juu kabisa katika njia yote, ikateremka Mbeya na kufika Tunduma Agosti 1973. Kapiri Mposhi, mwisho wa reli huko Zambia, ilifikiwa Juni 1975. Tarehe 14 Julai 1976 reli yenye kilomita 1,860, ambazo 975 kati yake ziko Tanzania, ilikabidhiwa rasmi kwa nchi mbili.

Lakini wakati huohuo Barabara Kuu ya Tanzania na Zambia nayo ilikuwa inawekwa lami. Watu husimulia reli kama vile ilifika kwenye nchi isiyo na njia, na kwa Mbeya hilo si kweli. Mbeya ilipata vitu viwili kwa mpigo, lami na reli, katika miaka ileile. Mlimba ilipata kimoja. Na Iringa, ambayo reli iliyofikiriwa kutoka Dodoma ingeipitia, iliambulia lami peke yake. Mtu wa Iringa anayetaka treni mpaka leo hulazimika kwenda Makambako.

Kwa miaka kumi hivi ya mwanzo tofauti hiyo haikuonekana. Nchi ilikuwa na shida ya mafuta na vipuri, mabasi yalikuwa machache, na kulikuwa na kipindi magari binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili mchana ili kuokoa petroli. Treni ilikuwa na nafasi. Daraja la kwanza vitanda vinne, la pili vitanda sita, wanaume chumba chao na wanawake chumba chao isipokuwa familia imelipia chumba kizima, na daraja la tatu viti na mizigo mpaka kwenye njia ya katikati. Watu wa Mbeya waliipenda. Ndizi za Tukuyu, mchele wa Kyela na viazi vya Uporoto vilikwenda pwani; sabuni, nguo na chumvi vilirudi. Nakumbuka simulizi za mama zetu kuhusu Mlimba: treni ikisimama, dirisha linashushwa, na kabla kichwa hakijatoka nje tayari kuna mtu anakuonyesha kuku wa kukaanga, ndizi na wali kwenye jani.

Kisha mambo yakaanza kuharibika, na hayakuanzia kwenye behewa la abiria. Vichwa vya treni vya kwanza kutoka China havikuwa na nguvu ya kutosha kuvuta mzigo kwenye mwinuko wa Mlimba hadi Makambako. Mafuriko na maporomoko ya ardhi ya mwaka 1979 yaliharibu njia. Zambia ilifungua tena njia ya kusini, ile ya kupitia Rhodesia, Oktoba 1978 kwa sababu mizigo ilikuwa imekwama, na mwaka mmoja baadaye makomandoo wa Rhodesia wakalipua daraja la reli hii la Chambeshi, huko Zambia. Vilipokuja vichwa vya treni vya Kijerumani miaka ya 1980 hali ilipata nafuu. Lakini miaka ya 1990 Afrika Kusini ikawa huru, bandari ya Durban ikawa wazi kwa shaba ya Zambia bila aibu ya kisiasa, biashara ya malori ikaachiwa watu binafsi, na sababu iliyoijenga reli ikaondoka. Ilikuwa sababu njema kuondoka. Reli ya Uhuru ilipoteza mzigo wake kwa sababu uhuru ulipatikana.

Reli iliyokusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka ilibeba chini ya laki moja katika mwaka wa fedha 2014/15. Kwa abiria, maana yake ni hii. Tiketi ya abiria peke yake haijawahi kulipia utunzaji wa njia kama hii. Anayelipia kokoto, mataruma na mafundi wa njia ni mzigo. Mzigo ukiondoka, kokoto hazibadilishwi. Kokoto zisipobadilishwa, njia inayumba. Njia ikiyumba, dereva anaamriwa kwenda polepole. Na treni inayokwenda polepole inamfikisha abiria Dar es Salaam kesho yake wakati aliyepanda basi alfajiri amelala kwake tangu jana usiku. Ajabu ni kwamba machimbo ya kokoto na kiwanda cha mataruma ya zege viko Kongolo, hapahapa mkoani Mbeya. Vifaa vya kuitengeneza reli viko kwetu. Fedha ya kuviweka njiani ndiyo iliyokosekana.

Hata hivyo mwendo hauelezi kila kitu. Kwa karibu miaka thelathini mabasi ya Tanzania hayakuruhusiwa kusafiri usiku. Ruhusa ilirudi mwaka 2023. Kwa muda wote huo treni ilikuwa na usiku peke yake. Mfanyabiashara wa Mwanjelwa angeweza kufunga duka jioni, kulala kitandani na kuamka mbele ya safari, jambo ambalo hakuna basi lililoweza kumpa. Kwa nini hakulichukua? Kwa maoni yangu, kwa sababu treni ilikuwa inapita mara mbili kwa wiki. Mtu mwenye msiba hasubiri Jumatano. Mwenye nyanya zilizoiva hasubiri Jumamosi. Msafiri wetu huangalia kwanza siku ya kuondoka, halafu nauli, halafu starehe, na treni ilikuwa ikishindwa kwenye swali la kwanza kabla hajauliza la pili. Mabasi yalipopata usiku, na Uwanja wa Ndege wa Songwe ulikuwa umekwishafunguliwa tangu mwaka 2012 kwa wenye haraka na uwezo, treni ikabaki na watu wa mizigo mingi, wanafunzi, watalii, na wale wanaoipenda tu.

Na zile kilomita 4 za kutoka mjini hadi stesheni. Zinaonekana kidogo, lakini ongeza bajaji saa nane ya usiku, pamoja na magunia mawili. Stendi ya mabasi ina mawakala, mama ntilie, wapiga debe na taa usiku kucha. Stesheni iliwekwa mahali palipofaa mabehewa ya mizigo, yadi na karakana. Shirika la zamani lenye mabasi ya Itigi na Dodoma lilikuja mjini kumtafuta abiria. Reli hii ilimtaka abiria ndiye aende kuitafuta.

Sasa turudi mashariki ya Makambako, maana huko kisa kinageuka.

Kati ya Mlimba na Makambako stesheni ni ndogo. Nyingine ni chumba kimoja cha mkuu wa stesheni, jukwaa fupi, na njia ya kupishana treni. Hakuna ukumbi wa kusikia viatu vyako. Lakini treni ikipiga honi, watu wanatoka migombani. Kwa miaka mingi barabara za huko wakati wa masika zilikuwa tope tu, na reli ndiyo iliyokuwa njia ya kupeleka mgonjwa hospitali, mtoto shuleni na mchele sokoni. Kulikuwa na treni fupi iliyokwenda stesheni kwa stesheni, watu wa njia hiyo wakaiita Kipisi. Jina hilo linanigusa. Mtu hakipi kitu jina la nyumbani kama hakijawa cha kwake. Mwanamke wa bondeni alipanda na debe la mchele na mikungu ya ndizi, akashuka Makambako kwenye baridi, akauza kwa watu wanaolima viazi na maharage, akarudi na vitu visivyoota kwao. Vijiji vilisogea karibu na reli. Biashara nzima ya bonde na mlima ilijengwa juu ya treni ambayo kwenye vitabu vya shirika huenda ilionekana hasara tupu.

Hapo ndipo ninapoona kosa la kipimo. Treni ya abiria ikipunguzwa siku, uamuzi huwa unaangalia njia nzima: Dar es Salaam hadi Mbeya, Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Kwenye njia nzima basi linashinda, ndiyo. Lakini hakuna abiria anayesafiri kwenye wastani. Yule wa Mbeya aliyehamia barabarani hakuumia sana. Alipata basi bora. Wa Mlimba hakuwa na pa kuhamia. Treni ilipopungua kwa sababu abiria wa Mbeya wameondoka, aliyeadhibiwa ni yule ambaye hakuondoka.

Kwa hiyo sikubali kwamba stesheni yetu ni ushahidi wa kufa kwa reli ya abiria. Ni ushahidi kwamba ukumbi mkubwa ulijengwa mahali ambapo abiria angekuwa na chaguo. Kama Wachina wangejua hilo mwaka 1972, pengine wangejenga kumbi mbili za wastani, moja ikawa Mlimba.

Haya si mambo ya makumbusho. Mwaka 2025 Tanzania na Zambia ziliingia mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Kichina ya CCECC wa kuikarabati na kuiendesha reli hii, kwa uwekezaji wa dola za Marekani bilioni 1.4. Nimefurahi, na nina wasiwasi. Nimefurahi kwa sababu njia ikipona, mwendo utarudi, na nimeeleza jinsi kila kitu kinavyoanzia kwenye njia. Nina wasiwasi kwa sababu sababu ya uwekezaji ni ileile ya 1967: shaba. Mzigo utalipa, na ni haki ulipe. Ila mara ya kwanza abiria alipakiwa kwa kuwa alikuwa njiani, na tumeona alivyoshushwa mzigo ulipopungua. Safari hii nafasi yake ingefaa iandikwe kwa siku na kwa stesheni, treni ngapi kwa wiki na zinasimama wapi, ili mbunge wa Mlimba na wa Makambako wawe na kitu cha kushika mkononi.

Kwa Mbeya yenyewe ningeshauri jambo dogo kuliko kurudisha umati wa Dar es Salaam, ambao sidhani kama utarudi wote. Mwaka 2012, Dk. Harrison Mwakyembe, mtu wa Kyela, akiwa Waziri wa Uchukuzi, alianzisha treni za mjini Dar es Salaam, na moja ilitumia reli hiihii ya TAZARA. Reli hiyohiyo inapita Uyole, inafika Iyunga, inaelekea upande wa Mbalizi. Barabara inayofuata ukanda huo imejaa malori ya Tunduma, na mteremko wa Iwambi na Mbalizi umeua watu wengi mno. Ndiyo maana inapanuliwa kuwa njia nne kutoka Nsalaga hadi uwanja wa ndege wa Songwe, kilomita 29. Mabehewa manne ya asubuhi na manne ya jioni yangewapa wanafunzi na wachuuzi njia isiyokutana na lori lililokatika breki. Stesheni iliyo mbali na stendi kwa msafiri wa Dar es Salaam iko karibu sana na mtu wa Iyunga na Iwambi anayekwenda kazini.

Lakini hilo la Mbeya lingoje zamu yake. Hesabu ya kwanza ninayotaka kuiona ikiwekwa mezani ni ya wanaopanda na kushuka kati ya Mlimba na Makambako, stesheni kwa stesheni, masika na kiangazi, pamoja na madebe na mikungu yao.